Wali wa Kuaga wa Bi Fumi

Sauti ya kengele ndogo ndiyo iliyonirudisha Jeddah. Nilikuwa kwenye jumba la maduka hapa Riyadh, mwanangu Ilham ananivuta mkono kuelekea kwenye aiskrimu, mara nikaisikia: kengele nyembamba, iliyofichwa ndani ya kitu, inalia mara moja kwa kila hatua ya mtu anayetembea bila haraka. Nikasimama katikati ya njia, toroli la mtu likanigonga kisigino. Mle ukumbini kulikuwa na maonyesho ya mataifa, na mbele ya kibanda cha Japani alikuwa akipita binti mmoja aliyevaa hariri kutoka shingoni hadi chini, na miguuni mitalawanda, viatu vya mti. Naam, msomaji wangu, mitalawanda, ila mirefu mno, na ndani ya kila mmoja imetiwa kengele. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya ishirini tangu niisikie sauti ile, na bado niliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake ukumbini.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Jeddah, mtaa wa Al-Safa, ghorofa ya pili ya jengo la rangi ya mchanga lenye viyoyozi vilivyowadondoshea maji wapita njia. Baba alikuwa karani wa mizigo bandarini. Alitoka Unguja kwa mkataba mfupi, na kila ulipokwisha aliongezewa mwingine mfupi, kwa hiyo maisha yetu yalikaa mkao wa kuondoka. Masanduku hayakushuka juu ya kabati. Mama alikataa kununua zulia zuri kwa sababu, alisema, nani atalibeba.

Kwa mtoto wa miaka tisa, Jeddah ilikuwa na misimu miwili: joto, na joto lililobaki jana. Alasiri watu wazima walilala, jengo likawa kimya, nami nililala kifudifudi sakafuni, shavu juu ya marumaru, nikitafuta ubaridi. Hapo ndipo kengele ilipoanza upande wa pili wa ukuta. Inalia, inanyamaza, inalia. Nilimwambia Mama kwamba jirani anafuga mbuzi. Mama hakufumbua hata macho.

"Mbuzi ghorofa ya pili? Lala wee, Raya, usinitie wazimu."

Sikulala. Nilitoka polepole, nikagonga mlango wa jirani, na aliyefungua alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, wa makamo ya Mama, mgongo umenyooka kama aliyeshonewa ubao ndani ya nguo. Nywele zake zilinukia nta na maua, harufu tamu ambayo sijaikuta tena kwa mtu mwingine. Miguuni alikuwa na ile mitalawanda. Aliniinamia. Hakuna mtu mzima aliyepata kuniinamia kabla ya siku ile, nami kwa kuchanganyikiwa nikampa shikamoo.

Huyo ndiye Bi Fumi. Mumewe alikuwa mhandisi kwenye mtambo wa kusafisha maji ya bahari, akiondoka alfajiri na kurudi jua limezama. Hawakuwa na watoto. Lugha yetu mimi na yeye ilikuwa Kiarabu cha dukani, Kiingereza changu cha skuli, na mikono. "Yalla" ilikuwa tuanze, "halas" ilikuwa tumalize, na "mafi" ilitosha kwa kila kitu ambacho dunia haikuwa nacho.

Kidogo kidogo, alasiri baada ya alasiri, nikaielewa habari yake. Alipokuwa na miaka kumi na mitano aliondoka kwa wazazi wake akaenda kukaa Kyoto, katika nyumba ya wanawake watupu, chini ya bibi mmoja ambaye wote walimwita Mama ingawa hakumzaa hata mmoja wao. Nyumba ile ilikuwa ikilea wanagenzi wa kazi ya geisha. Wenyewe humwita mwanagenzi maiko. Geisha, kama wengine wenu mnavyojua na wengine mnavyodhani mnajua, ni mtu wa sanaa: hucheza, huimba, hupiga ala, hukaribisha wageni na kujua la kuwaambia. Maiko hujifunza hayo yote kwa miaka, na kabla ya kujifunza lolote hupiga deki. Bi Fumi alinionyesha jinsi alivyokuwa akipiga deki, amepiga magoti, anasukuma tambara kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho, na nikamwambia kwa fahari kwamba hilo hata mimi nalijua.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Ulipofika wakati wa kuingia kazini, hakufundishwa kwa mdomo. Alipambwa, akapelekwa kwenye karamu za watu pamoja na dada zake wakubwa, akaambiwa akae pembeni atazame. Asiulize. Mwezi mzima wa kutazama tu, namna mtu anavyoshika kikombe, namna anavyonyanyuka, namna anavyomjua mgeni aliyechoka kabla mgeni mwenyewe hajajijua. "Macho," aliniambia, akigusa kona ya jicho lake kwa kidole kimoja. Kisha akagusa midomo, akatikisa kichwa. "Mdomo mafi."

Basi kila somo letu lilianza hivyo. Anagusa jicho, nami najua tumeanza. Alinifundisha kufungua mlango nikiwa nimepiga magoti, kumimina chai bila kikombe kulia, kukunja kipepeo cha kujipepea na kukifungua mpaka kikawa mvua, barua au mwezi. Nilijifunza kutembea kwa hatua za kuku aliyefungwa miguu. Alinipa mto wake wa mti, mrefu na mwembamba, ambao maiko huulalia shingo ili nywele zake zilizosukwa kwa kazi kubwa zisiharibike, nikaulalia alasiri moja. Wiki nzima nilitazama upande mmoja, na Mama akanisugua shingo kwa mafuta ya karafuu huku akiuliza skuli gani hii.

Katika kabati lake palikuwa na kisanduku cha maua ya kitambaa ya kuchomeka nywele, na kila mwezi wa kwao ulikuwa na ua lake. Hakuyavaa tena. Aliliweka moja kwenye kikombe dirishani, na mwezi ukigeuka alilibadili. Nje ya dirisha kulikuwa na ukuta, waya za umeme na jua lilelile, ndani kulikuwa na mti unaochanua, kisha mti mwingine, kisha majani mekundu. Nilizoea kuingia na kutazama kikombe kwanza, kujua leo tuko wapi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini aliacha. Alionyesha pete yake. Geisha aliyeolewa haendelei na kazi, akaniambia, na akanieleza kwamba siku ya kuondoka katika nyumba ile alipika wali akawapelekea walimu wake na dada zake wote. "Mweupe," alisema. Akapitisha kiganja juu ya meza, kama anayefuta kitu. "Mweupe wote." Niliona ajabu mtu kuusifia wali weupe wake, maana kwetu wali ukiwa mweupe mtupu unauliza mchuzi uko wapi. Sikumuuliza. Mdomo mafi.

Mama aliyajua haya siku niliyorudi nyumbani na mdomo wa chini mwekundu na wa juu mtupu. Ndivyo maiko wa mwaka wa kwanza anavyopakwa, mdomo wa chini peke yake, wa juu anaungoja.

"Rangi iliisha njiani?" akauliza.

Nikamweleza kila kitu kwa furaha, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyofunga. Mwanamke anayecheza mbele ya wanaume. Akanifuta mdomo kwa ncha ya kanga, si taratibu, na mlango wa Bi Fumi ukawa haramu kwangu. Nililala tena sakafuni nikisikiliza ukuta. Kengele ililia ikanyamaza, ililia ikanyamaza, na nilihisi kwamba inaniuliza.

Alikuja Bi Fumi mwenyewe. Alisimama mlangoni kwetu na sahani ya vitafunio vidogo mno, akamwinamia Mama, Mama naye kwa aibu ya kutojua la kufanya akainama pia, wakainamiana hivyo mpaka mimi nikacheka. Kisha akatualika. Mama alikwenda amejifunga buibui kama anayekwenda mahakamani. Bi Fumi alivaa vazi lake la zamani, akaweka muziki wa nyuzi chache kwenye redio, akacheza ngoma moja ya polepole, ya mwanamke mwenye mwavuli anayemngoja mtu chini ya theluji. Hapakuwa na theluji wala mwavuli, palikuwa na kipepeo na shingo yake ilivyogeuka. Nilimtazama Mama. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa somo, yaani kungwi, kule Unguja, amefunda wari na kutoa maharusi wa mtaa mzima, na Mama alikulia kwenye ngoma za ndani, akijua kwa kuangalia kiuno kimoja tu kama mwari amefundwa au amebabaishwa.

"Huyu amefundwa," Mama akasema kwa sauti ya chini.

Ngoma ilipokwisha alinyanyuka, akavua kanga yake ya begani, akamvika Bi Fumi mabegani kama tunavyomtunza mchezaji kwetu. "Mcheza kwao hutunzwa," akaniambia nitafsiri. "Na huku si kwao. Mwambie leo ni kwao." Sijui nilitafsiri nini. Bi Fumi aliishika ile kanga kwa mikono miwili, akakaa nayo hivyo hata chai ikapoa.

Tangu hapo walikuwa mashoga wasio na lugha. Mama alimpelekea mandazi, yeye akamletea Mama chai chungu ambayo Mama aliimwagia mnanaa kwa siri. Nami nikarudi kwenye masomo yangu, mdomo mmoja mwekundu, nikiungoja wa juu.

Haukupakwa. Siku moja niliingia nikatazama kikombe cha dirishani, kilikuwa kitupu. Yule bibi wa Kyoto, yule waliyemwita Mama, alikuwa akiumwa na hana wa kumuuguza, na mume wa Bi Fumi ameomba uhamisho. Ilikuwa jambo la siku chache. Nililia nyumbani, nikalia skuli, nikalia ndani ya gari mpaka Baba akazima redio. Kwa watu wa mikataba kuondoka ni jambo la kila siku, na nilikwisha kuagana na watoto wengi waliosema wataandika. Kutoka kwa Bi Fumi sikutaka ahadi ya aina hiyo. Nilitaka jibu moja la kweli: atarudi, au harudi?

Nilimngojea kwenye ngazi asubuhi ya kuondoka. Alishuka amevaa suruali na koti kama mtu mwingine yeyote, ila begani ana kanga ya Mama. Mkononi alikuwa na kisanduku cha mti, kimoja cha mwisho, maana vingine alikwisha kuvigawa kwa majirani. Nikamuuliza kwa Kiarabu, nikamuuliza kwa Kiingereza, mwisho nikamuuliza kwa Kiswahili, utarudi?

Aligusa kona ya jicho lake. Nilidhani anafuta chozi. Kisha akaniwekea kisanduku mikononi, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, akaniinamia kama siku ile ya kwanza, akaenda zake.

Ndani ya kisanduku palikuwa na wali wenye maharage. Maharage mekundu, madogo kama choroko, na wali wenyewe umeshika wekundu wao. Mama alikuwa bado anautazama alipoingia Anti Njeri, Mkenya aliyefanya kazi za ndani kwa madam wa ghorofa ya juu, aliyekuwa akishuka kwetu kila alipopata upenyo, kupumzisha miguu na ulimi.

"Woi, Mama Raya! Nyinyi mmewekewa beans?" Akachungulia kisanduku. "Huku kwa madam tumeletewa rice tu, white kabisa, hata chumvi hakuna. Na kwa yule Mmisri wa chini, white. Nyinyi ndio special. Ama aliona mko na njaa?"

Alicheka, nami najua hakuwa na ubaya wowote. Lakini Mama hakucheka. Anti Njeri alipoondoka, Mama alikaa jikoni, kisanduku mbele yake.

"Jengo zima limepewa wali mweupe," akasema. "Sisi Waafrika ndio tunaletewa maharage. Mandazi yangu yote yale, kanga yangu, kumbe machoni pake sisi ni watu wa maharage."

"Chakula hakisusiwi," Baba akasema kutoka sebuleni, maana alikuwa hajala.

Mama akaonja. Akafumba macho. "Na yenyewe hayana hata nazi." Akafungua kopo la tui, akakata kitunguu, akatia pilipili mbichi, akaupika upya ule wali mpaka nyumba ikanukia Unguja, tukala. Ulikuwa mtamu, siwezi kudanganya. Baba aliongeza mara mbili. Mimi nilikula nikilia, nikijua sasa kwamba niliuliza kwa lugha tatu na kwa zote tatu nimenyimwa jibu.

Mama hakumtaja tena Bi Fumi ila kwa mzaha wenye mwiba. Mtu akituletea kitu kidogo, "Huyu naye ametuona wa maharage." Upande wa pili wa ukuta walihamia watu wenye watoto wengi, wakipiga mpira ukumbini. Mwaka uliofuata Baba hakuongezewa mkataba bandarini, akapata kazi ya ghala Riyadh, masanduku yakashuka juu ya kabati. Tulimwachia Anti Njeri kopo letu la mnanaa. Hatukumwachia mtu yeyote habari ya tulikokwenda, maana hatukumtarajia mtu wa kuuliza.

Haya yote yalinipita kichwani pale mbele ya kibanda, Ilham akilalamika. Yule binti wa mitalawanda aliniona namkodolea miguu, akaja akicheka. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba yeye si maiko wa kweli, ni mwanafunzi tu wa chuo aliyeletwa na maonyesho, ila ni mtoto wa Kyoto, na bibi yake alikuwa akiwashonea mavazi wanawake wa kazi ile. Nami, sijui kwa nini, nikamsimulia habari ya Bi Fumi. Nikamsimulia kama kichekesho, kama tulivyozoea nyumbani: mtu ametuaga kwa wali na maharage. Sikucheka peke yangu kwa muda mrefu. Binti alikuwa ameacha kutabasamu.

"Wali ulikuwa mweupe wote," akaniuliza, "au ulichanganywa?"

"Wa majirani ulikuwa mweupe. Wetu ulichanganywa."

Akaniambia basi, kwa upole, kama mtu anayekabidhi maiti. Wali wenye maharage mekundu, kwao, ni chakula cha heri, hupikwa siku za furaha. Na kwa wanawake wa kazi ile ulikuwa na maana nyingine ya zamani. Anayeondoka hugawa wali. Ukiwa mweupe wote, ameaga moja kwa moja, harudi. Ukiwa na wekundu ndani yake, mlango hajaufunga. Huenda akarudi.

Mweupe wote, alisema Bi Fumi, na kiganja chake kikafuta meza. Ndivyo alivyoiaga nyumba ya Kyoto, na hata hivyo yule Mama wa huko alipougua alirudi. Jengo letu zima la Al-Safa aliliaga hivyohivyo. Sisi peke yetu alitupikia heri, na mimi peke yangu alinigusia jicho, somo linaanza, tazama. Nami nikatazama chozi ambalo halikuwapo. Mwanagenzi mzima wa kutazama, nilikuwa nimeomba jibu kwa mdomo, na nilipopewa nililipokea kwa mdomo pia.

Jioni nilimpigia Mama Unguja. Siku hizi hasikii vizuri, ikabidi nieleze mara mbili, mara ya pili polepole. Nikamsikia akivuta kiti.

"Kwa hiyo hakutudharau," akasema.

"Hakutudharau, Mama."

"Alitaka kurudi."

"Alituambia huenda."

"Na kama alirudi, alikuta nani?" Nilisikia jogoo wa jirani yake, na mtu akiita mtoto uani. Kisha sauti ya Mama ikaja, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Mimi nikautia nazi."

"Ulikuwa mtamu, Mama."

"Ulikuwa mtamu," akasema, akaanza kulia.